Mbung'o na bakteria wake: tuwachezee au tuwaache?

Mleta mada: Wakuu, kwetu ng'ombe akikonda na manyoya yakasimama, wazee hawaulizi mara mbili: ni ndorobo, yaani mbung'o. Nagana, malale ya mifugo anayoieneza, imetufilisi. Sasa kuna wazo la kumshika mbung'o kwa ndani, naomba tulijadili bila matusi.

Mbung'o, dume kwa jike, chakula chake ni damu tu, na damu ina vitamini B chache mno. Anayemtengenezea ni bakteria aitwaye Wigglesworthia, aliyejichimbia kwenye seli maalumu za utumbo. Wako pamoja zaidi ya miaka milioni 50. Jike hatagi mayai ovyo kama nzi wa chooni. Analea buu mmoja tumboni, anamnyonyesha maziwa ya tezi, na bakteria hupitia humo humo. Mnyang'anye bakteria huyo, jike anakuwa tasa. Bakteria naye hana pa kwenda: jenomu yake, yaani maandishi yake yote ya urithi, imebaki herufi kama 700,000, wakati E. koli, bakteria wa matumbo yetu, ana milioni 4.6. Vya kujitegemea alishavitupa.

Hoja yangu: adui katuonyesha koo. Tumpige hapo.

Jirani wa Jozani: Unguja tulimmaliza bila kugusa bakteria hata mmoja. Madume yalizalishwa Tanga, yakapigwa mionzi yawe tasa, yakamwagwa kwa ndege. Mbung'o wa mwisho alinaswa 1996. Njia ipo, ya nini kuchokonoa?

Mleta mada: Jirani, ninyi bahari iliwafungia mlango. Huku ukimaliza leo, kesho wa hifadhini wanahamia.

Mganga wa Mifugo: Mleta mada, hilo koo utalipiga na nini? Maabara wanatumia antibiotiki. Ukiwapa ng'ombe ili mbung'o anyonye, utavuna usugu wa dawa kabla hujamaliza mbung'o. Na nyati na ngiri nani atawadunga? Tena kuna baya zaidi: mbung'o aliyekua tumboni bila Wigglesworthia hutoka na kinga dhaifu, na vimelea vya malale vinampata kirahisi kuliko mwenzake mzima. Wale watakaobaki watakuwa wabebaji hodari!

Anayelengwa hasa ni bakteria mwingine, mpangaji aitwaye Sodalis. Huyu kahamia juzi, kwa saa za mageuko. Jenomu yake bado kubwa, imejaa jeni zilizokufa, na anakubali kufugwa kwenye chupa. Maabara wamempandikiza jeni ya protini ya kupambana na kimelea, wakamrudisha ndani. Lengo ni mbung'o aishi ila asibebe ugonjwa.

Mwalimu wa Baiolojia: Kinachomfanya afugike ndicho kinachonitia shaka. Wigglesworthia ni mfungwa. Sodalis bado ana mguu mmoja nje, hupita kwa mama na hata kwa dume wakati wa kupandana. Halafu porini si kila mbung'o anaye. Jeni mliyomtwisha ni mzigo, na mageuko hayamlipi mtu mshahara kwa kutusaidia sisi. Vizazi vikipita, ataitupa.

Msiniletee mfano wa Yogyakarta, Indonesia, ambako mbu wenye bakteria Wolbachia walipunguza dengue kwa asilimia 77. Wolbachia anajisambaza kwa hila yake: dume mwenye naye akimpanda jike asiye naye, mayai yanaharibika, kwa hiyo majike wenye naye ndio wanaozidi kuzaa. Sodalis hana hila hiyo. Nani atamsambaza kutoka Serengeti hadi Selous?

Mganga wa Mifugo: Kuna wanaopendekeza Sodalis adandie hila ya Wolbachia ndani ya mbung'o, kwa kuwa wote hurithiwa kwa mama.

Mwalimu wa Baiolojia: Abiria juu ya abiria. Mmoja akiteremka njiani?

Mleta mada: Ya antibiotiki nimeifuta, Mganga umenishinda. Ya Sodalis siifuti. Ijaribiwe kwanza kwenye vizimba, si porini. Wiki hii nina ng'ombe wawili wamekonda, kwa hiyo narudi kwenye vitambaa vya bluu vyenye dawa ya kuua mbung'o. Nani kavitumia karibu na hifadhi? Vinahimili mvua ngapi kabla ya kupakwa dawa upya?