Mjadala: McLaren F1 kwa dola milioni 20, tunalipia gari au jina?

Mwanamnada:
Wakuu, habari za jioni. Nina hoja naomba tuichambue. Agosti 2021, kwenye mnada wa Pebble Beach kule California, McLaren F1 ya mwaka 1995, lile gari la kasi la barabarani la Uingereza, iliuzwa dola milioni 20 na nusu kasoro kidogo. Tangu itoke kiwandani ilikuwa imetembea maili 242 tu, hata Dar hadi Dodoma haijafika. Zilipokuwa mpya ziliuzwa pauni nusu milioni na kitu, na enzi hizo bei hiyo tayari iliwatoa watu macho.

Mimi naona imepitiliza. Haina ABS ya kuzuia tairi kujifunga ukishika breki. Usukani hauna pawa. Breki hazina busta ya kusaidia mguu. Redio haina, ina CD tu. Bugatti Veyron iliipita kwa spidi tangu 2005. Sasa tunalipia nini hasa, gari au hadithi yake? Na msiniambie ni chuki. Aliyeibuni, Gordon Murray, ni Mwafrika mwenzetu, mtoto wa Durban. Napenda kazi yake iheshimiwe, ila si kwa bei hii.

Fundi Gerezani:
Mkuu, umetaja yasiyokuwepo, yaliyopo umeyaruka. Ile injini ni V12, yaani silinda 12, ya BMW, lita 6.1, nguvu farasi 627, kazi ya mhandisi wao Paul Rosche na wenzake, na haina turbo. Gari zima lina kilo 1,140 hivi. Premio nyingi hapo mjini ni nzito kuliko hilo. Bodi ni kaboni faiba, na chumba cha injini kimebandikwa dhahabu halisi kwa sababu dhahabu inarudisha joto. Hakuna kitu mle kilichowekwa kwa mapambo.

Hilo la busta umelisema kama kasoro. Mimi nimeteremka mlima wa Kitonga na Land Rover ya zamani isiyo na busta, mzigo nyuma. Mguu unauma kweli, lakini kila tairi unalisikia kwenye kanyagio, unajua lipi limeshika na lipi linakaribia kuteleza. Murray alitaka dereva asikie barabara. Ndiyo maana hata kiti cha dereva alikiweka katikati, abiria wawili nyuma yake kidogo, kulia na kushoto.

Rehema K:
Kaka Fundi, gari ni zuri, nimekuelewa. Swali ni bei. Zilitengenezwa mia tu, na wanaozitaka hela si tatizo kwao. Matajiri wawili wakishindana kunyanyua mkono ukumbini, bei inapanda yenyewe. Hapo sioni thamani ya injini, naona ubishi wa watu wawili.

Fundi Gerezani:
Ni 106 dada, ukijumlisha za mashindano na za majaribio. Za barabarani za kawaida ni 64.

Mjomba Kisauni:
Nilikuwa nasoma vizuri hadi hapo kwenye "Mwafrika mwenzetu". Mwenzetu nani? Murray amezaliwa Durban 1946. Miaka miwili baadaye chama cha National kikachukua nchi na ubaguzi ukawa sheria. Amekulia upande wa waliokuwa na kila kitu. Mtoto mweusi aliyezaliwa siku moja naye, mji ule ule, alikuwa na nafasi gani ya kushika penseli ya kuchorea injini? Tusiwe wepesi wa kugawa undugu kwa kila aliyefanikiwa.

Mwanamnada:
Mjomba, hilo nililigusa kwa mbali tu, swali langu ni bei. Lakini kwa kuwa umelishika, nikujibu. Mtu aliyezaliwa Durban, akasoma Durban, akajenga gari lake la kwanza la mashindano kwa mikono yake na kulikimbiza huko huko Afrika Kusini mwaka 1967, ni mtu wa wapi? Uingereza kaenda 1969, ana miaka 23, anatafuta kazi. Hakuwa na jina. Ufundi aliondoka nao nyumbani.

Kericho Damu:
Mjomba, kwa hesabu yako hata Joginder Singh si wetu? Mzaliwa wa Kericho, Kalasinga, ameshinda Safari Rally 1965, 1974 na 1976. Wazee wetu walisimama kando ya barabara kwenye vumbi wakimshangilia kama mtoto wao. Hakuna aliyemuuliza rangi. Na ile Volvo PV544 ya 1965 ilikuwa mtumba, gari lililokuwa limeshatumika kwenye Safari ya mwaka uliotangulia.

Mjomba Kisauni:
Kericho Damu, usinichanganyie mambo. Joginder alikimbiza barabara zetu, gari lake likikwama anasukumwa na watu wetu, akishinda anashindia Kenya. Murray alipoondoka aliondoka. Timu alizofanyia kazi, Brabham, McLaren, zote za Uingereza. Lini umemsikia akisema ushindi huu ni wa Durban? Mimi sina ugomvi na kipaji chake. Nina ugomvi na sisi tunaokimbilia kujipachika kwenye sifa za watu.

Chuma cha Pua:
Wakati mnagombania uraia, niwakumbushe kwamba hata sifa yenyewe ina kasoro. Ile rekodi ya kilomita 386 kwa saa ya Machi 1998, kwenye barabara ya majaribio ya Ehra-Lessien, Ujerumani, haikuwekwa na gari kama lililouzwa. Walipandisha kikomo cha mizunguko ya injini. Ukiacha kama lilivyo, linaishia kwenye 370 na kitu. Watu wanalipia namba ambayo gari lao haliifikii.

Fundi Gerezani:
Chuma, kupandisha kikomo si kubadilisha injini. Hawakuongeza turbo, hawakubadilisha pistoni. Dereva Andy Wallace alikaa kwenye gari la majaribio, XP5, lililokuwa na miaka kadhaa tayari, akakanyaga. Injini ilikuwa na pumzi hiyo ndani yake, ilikuwa imefungwa mdomo tu.

Na hamjataja Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa. 1995, gari lililobuniwa kwa ajili ya barabara linaenda saa 24 kwa mara ya kwanza, linashika nafasi ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya tano. Madereva walioshinda ni Lehto, Dalmas na Sekiya. Murray hakulibuni kwa mashindano kabisa, ni wateja waliomsumbua mpaka akakubali. Hiyo hainunuliwi mnadani.

Chuma cha Pua:
Mwaka ule ilinyesha karibu usiku kucha, na magari yaliyoundwa mahsusi kwa mashindano hayakuwa mengi. Mvua imewasaidia.

Fundi Gerezani:
Mvua iliwanyeshea wote, mkuu. Farasi mia sita nyuma, barabara imelowa, giza, na Lehto anawapita wenzake kama anajua kila dimbwi liko wapi. Ukiita hiyo bahati basi mimi na wewe hatuangalii mbio zile zile.

Natal Mtanzania:
Nimesoma Durban, naomba nichangie hapo kwa Mjomba. Vyuo vya Natal, jimbo lenye Durban, wakati wa Murray vilitengwa kwa rangi. Kijana wa KwaMashu au Umlazi, vitongoji vya weusi, asingekaa darasa moja naye, hiyo ni kweli na inauma mpaka leo. Nimekutana na wazee wa Umlazi wanaojua injini kuliko mainjinia wengi, na maisha yao yote wameitwa "boi" wa gereji. Kwa hiyo tukimsifu Murray, na hao tuwataje. Lakini kumfuta Durban yake hakuwarudishii wazee wale kitu. Kosa lilikuwa la sheria, na yeye alikuwa mtoto wa miaka miwili.

Mjomba Kisauni:
Alikuwa na miaka miwili, halafu akawa na ishirini na tatu. Naheshimu ulichosema kuhusu wazee wa Umlazi, hilo ndilo nililotaka lisemwe.

Rehema K:
Naombeni turudi kwenye hela kidogo. Kuna McLaren ya Rowan Atkinson, yule mchekeshaji ambaye kila nyumba yenye TV inamjua. Aliinunua 1997 akawa anaiendesha kweli, siyo ya kufunika turubai. Aliigonga mara mbili. Ile ya 2011 bima ililipa zaidi ya pauni laki tisa kuitengeneza. Na 2015 akaiuza pauni milioni 8. Gari lililogongwa mara mbili! Kwa hiyo anayesema lazima likae bila kuguswa ndipo lipande bei, mfano huo umemkataa.

Na hilo la maili 242 lina gharama pia. Fundi, nisaidie, si nimesoma kwamba tangi la mafuta linabadilishwa hata kama gari halitembei?

Fundi Gerezani:
Ndiyo dada. Ndani ya tangi kuna mfuko wa mpira unaoshika mafuta, unazeeka hata gari likilala. Kila miaka mitano unabadilishwa, na ili uufikie lazima ushushe injini. Kushusha V12, kubadilisha mfuko, kurudisha injini, kwa gari ambalo halijaenda popote. Na kompyuta ya kupimia matatizo ilikuwa Compaq ya miaka ya 90, na kampuni yenyewe ilibidi iendelee kuzitunza hizo kuukuu kwa sababu mpya zilikuwa hazisomi gari hilo. Hapo nakiri kwa Mwanamnada: gari ambalo fundi wa kawaida hawezi kuligusa, bei yake mimi inanisumbua. Ubora wake sibishani nao, nalilia kwamba limekuwa la kuangaliwa tu.

Bwana Huye:
Ndugu zangu, niko Rwanda, nasoma nashangaa hakuna aliyetaja lori. Murray huyu huyu, mwaka 2016, alionyesha lori linaitwa OX, alilobuni kwa ajili ya barabara mbovu za nchi kama zetu. Wazo lilikuwa la Sir Torquil Norman wa Uingereza. Linasafirishwa vipande vipande, sita kwenye kontena moja la futi 40, mafundi watatu wanaliunganisha kwa saa kama 12. Linabeba kilo 1,900. Dereva anakaa katikati, kama kwenye McLaren. Milango ya kushoto na kulia inabadilishana, na fremu za mabenchi ya nyuma unazichomoa, unaziweka chini ya tairi likizama kwenye mchanga.

Na halikuishia kwenye michoro. Kampuni ya OX ilileta huku malori ya umeme. Mkulima hakukodi lori zima, alilipia mzigo wake na umbali wake. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Ile ya dola milioni 20 imewafurahisha watu mia.

Mjomba Kisauni:
Nilijua tutafika hapa. Wao dhahabu na V12, sisi lori la kuunganisha kwenye kontena. Kwa nini kila Mzungu akitufikiria anatufikiria tukiwa tumekwama kwenye matope?

Bwana Huye:
Kwa sababu tunakwama, Mjomba. Mimi nimelala njiani na viazi vya watu mpaka vikaanza kuchipua. Sikuona haya mtu wa Durban kufikiria shida hiyo. Niliona haya kwamba aliyefikiria hakuwa waziri wangu. Na haikuwa sadaka, ulilipa kila kilo.

Kericho Damu:
Bwana Huye umenena. Mjomba, shuka.

Mjomba Kisauni:
Sishuki. Viazi vyako nimevielewa, pole. Lakini tofautisha msaada wa barabara na lori la kuzoea barabara mbovu.

Mwanamnada:
Wakuu, jamani, mnada...

Fundi Gerezani:
Mwanamnada subiri kwanza, hili la lori ni langu. Bwana Huye, lori lile la 2016 nililisoma, lilikuwa la dizeli, na tairi zinazovuta ni za mbele peke yake. Sasa nieleze kifundi. Ukipanda mlima na kilo 1,900 mgongoni, uzito unakimbilia nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, tairi zinasugua tu. Kwa udongo mwekundu wa masika, sioni linavyopanda. Volvo ya Joginder ilisukumwa na tairi za nyuma, na hiyo haikuwa bahati.

Kericho Damu:
Asante Fundi!

Bwana Huye:
Kwenye OX injini, dereva na abiria wote wamewekwa mbele kabisa, juu ya tairi zinazovuta, hilo alilipiga hesabu. Na gari lipo juu, tumbo halifagii. Lakini kwa mlima wenye udongo uliolowa sitakudanganya, swali lako ni zito. Nitawatafuta madereva wenyewe wiki hii, niwaulize Aprili walikuwa wanapitaje na mzigo umejaa, na kama walipunguza, kilo ngapi.

Fundi Gerezani:
Waulize na sifti, vile vyuma vinavyozungusha tairi za mbele, zilikaa muda gani. Upande wa kulia na wa kushoto, tofauti tofauti. Hapo ndipo nitajua.