Barua ya ukaguzi ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) imenifika na risiti zimefutika, nianzie wapi?

Mwendambali
Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni ushauri wa haraka, hasa madereva wenzangu wa hapa Marekani na wahasibu.

Naendesha lori langu mwenyewe chini ya kampuni moja ya usafirishaji, napokea 1099-NEC, fomu ya malipo ya anayejitegemea. Nyumbani ni Columbus, Ohio, ila mwaka 2023 karibu wote nililala njiani: Laredo, Chicago, Atlanta, kisha narudi kuona watoto siku mbili. Juzi mke wangu kanisomea barua ya IRS kwenye simu. Wanakagua ritani yangu ya kodi ya 2023, wanataka uthibitisho wa chakula, mafuta na matengenezo. Wametoa siku 30 kuanzia tarehe ya barua, na 11 zimeshakwenda.

Aliyenijazia fomu aliandika chakula cha siku 340, dola 69 kila siku, bila kupunguza chochote. Nilisaini haraka, mzigo ulikuwa unanisubiri. Bahasha ya risiti nilikuwa naiweka juu ya dashibodi. Jana nimeifungua, nyingi ni nyeupe pe, jua limekula wino. Zilizobaki unasoma jina la kituo, bei huioni.

Lori bado nina mkopo nalo. Usingizi sina.

Bi_Hesabu
Pole sana kaka. Mimi ni EA (mtaalamu wa kodi mwenye idhini ya IRS), kesi hizi ndiyo kazi yangu. Usiache siku 30 zipite kimya. Ukiona hutawahi, omba kuongezewa muda kabla hazijaisha, kupitia namba iliyo kwenye barua hiyohiyo. Ukinyamaza watayafuta makato yote waliyoyahoji na kukuletea hesabu yao.

Sasa chakula. Kwa dereva anayebanwa na sheria za saa za kazi za DOT (wizara ya uchukuzi), posho ya chakula inayokubaliwa na IRS kwa 2023 ilikuwa dola 69 kwa siku, lakini kinachokatwa ni asilimia 80, yaani dola 55.20. Siku ya kuondoka na ya kurudi huhesabiwa robo tatu ya posho. Siku uliyoshinda na kulala nyumbani haimo kabisa. Kwa hiyo hizo 340 zitashuka tu, na ni afadhali uzishushe wewe mwenyewe kwa orodha safi kuliko kuanza kuzitetea. Ukitumia posho hiyo huhitaji risiti za chakula. Unachotakiwa kuonyesha ni tarehe, mahali na sababu ya safari.

Tairi18
Yalinikuta mkuu, usife moyo. Logi za ELD (kifaa cha lori kinachorekodi saa za kuendesha) kampuni inalazimika kuzitunza miezi 6 tu, kwa hiyo za 2023 usizitegemee. Kilichoniokoa ni karatasi za malipo ya kila wiki. Kila mzigo una tarehe na mji wa kupakia na wa kushusha. Nilizitandaza juu ya meza ya jikoni pamoja na kalenda ya ukutani, nikazungushia kalamu nyekundu kila usiku niliolala nje. Usiku mbili nzima kazi hiyo, lakini nilipomaliza kalenda ilijieleza yenyewe.

Mafuta ndiyo rahisi. Piga simu kampuni ya kadi yako ya mafuta, wana kila ujazo: tarehe, mji, galoni, bei. Gereji nazo waombe wachapishe ankara upya. Halafu linganisha na taarifa za benki.

Ziwa_Kivu
Ongeza mkataba wa nyumba na bili za umeme za Columbus. Ndugu zetu wengi wanaachia nyumba ili kuokoa kodi ya pango, wanaishi ndani ya lori. Kwa sheria ya kodi mtu wa namna hiyo hana nyumbani pa kuwa mbali napo, na posho yote inamtoka.

Mama_Kevo
Samahani kuingilia. Mume wangu ni dereva wa kampuni, anapata W-2, fomu ya mshahara ya mwajiriwa. Anaweza kukata chakula na buti?

Bi_Hesabu
Hapana dada. Kwenye ritani ya serikali kuu makato hayo ya mwajiriwa yaliondolewa tangu mwaka wa kodi 2018, na sheria ya 2025 imeyaondoa moja kwa moja. Aiombe kampuni imrudishie gharama.

Mwendambali, tuma nakala, karatasi halisi baki nazo. Jibu walichouliza tu, kila fungu na jumla yake juu. Ukitaka mtu akusemee, utasaini fomu 2848 ya kumpa uwakilishi CPA (mhasibu mwenye leseni), EA au wakili. Aliyekujazia alikosea, lakini saini ni yako, kwa hiyo jiandae kulipa tofauti na riba, na huenda na faini. Ikikuzidi, wanakubali kulipwa kwa awamu.

Mwendambali
Mungu awabariki. Nimeegesha hapa Indiana, nimepiga simu zote. Kampuni ya kadi wametuma taarifa ya mwaka mzima kwa baruapepe, mafuta yote yamo. Gereji moja imefungwa, malipo yao nimeyaona benki. Kalenda nimefika Septemba, siku za nje hadi hapo ni 203. Ijumaa nikifika nyumbani namalizia na mke wangu, Jumatatu bahasha inakwenda posta kwa rejista.

Bi_Hesabu, ile gereji iliyofungwa, taarifa ya benki peke yake itatosha?

Bi_Hesabu
Inaonyesha ulilipa, haionyeshi ulilipia nini. Tafuta meseji au picha ulizotumiana na fundi siku hizo, uambatanishe.