Ringi za aloi zilizoliwa na chumvi: kung'arisha, kupuliza rangi, au kuoka rangi ya unga?

Mwambao_Tanga

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Nina pikipiki ya Honda ya miaka ya 1990 yenye ringi za aloi (mchanganyiko wa alumini) za kumimina, inchi 17 mbele na nyuma, ambazo zimepigwa na upepo wa bahari wa Tanga kwa miaka mingi. Klia (rangi ya juu isiyo na rangi, ya kulinda) ya kiwandani imebanduka vipande vipande, chini yake imetambaa mistari myeupe kama njia za mchwa ukutani, na ukingo unaokaliwa na tairi umejaa unga mweupe ulioganda. Mafundi niliowauliza hawaafikiani: mmoja anataka tutoe klia yote na kuing'arisha alumini tupu, mwingine anataka kupuliza praima (rangi ya kwanza ya kushikiza), rangi ya fedha na klia mpya, na wa tatu anasema nisikubali chochote isipokuwa rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliofanya kazi hizi kwa mikono yao, mkizingatia kwamba pikipiki hulala barazani na kwamba sina mpango wa kuhamia Dodoma kwa ajili ya ringi.

FundiRangi_Ilala

Ndugu Mwambao, kabla ya mng'aro, hakikisha kwanza kwamba ringi yenyewe ni nzima. Vua tairi, osha, kausha, kisha paka mafuta ya taa kuzunguka kitovu na kwenye mashina ya mikono (nguzo zinazounganisha kitovu na ukingo), uyaache yapenye, uyafute mpaka pakauke kabisa, halafu pakaza unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari mwembamba wenye unyevu kwenye weupe wa chaki. Ukiuona mstari huo, mjadala wa rangi umekwisha na ringi iende kwenye chuma chakavu, kwa sababu aloi za namna hii hupata nguvu zake kwa kupashwa joto la kipimo kiwandani, na moto wa mchomeleaji huzilegeza hata pale mshono unapoonekana mzuri.

Kama ni nzima, fahamu unapambana na nini. Alumini hujivisha utando mwembamba wa oksidi mara tu inapokutana na hewa, na utando huo ndio ulinzi wake. Chumvi ndiyo inayoutoboa. Mistari uliyoieleza huanzia pale klia ilipodonolewa na kokoto au kukwaruzwa na chuma cha kutolea tairi, kisha unyevu wenye chumvi husafiri chini kwa chini. Njia yoyote kati ya hizo tatu ikifunika chumvi iliyobaki kwenye vishimo, mistari itarudi.

Kwa pwani, mimi huchagua praima ya epoksi, rangi, na klia inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha). Si kwamba ndiyo ngumu kuliko zote, bali ndiyo pekee ambayo kokoto ikiidonoa, unaweza kuparekebisha mahali hapo bila kuanza upya. Hadina hizo zina isosayaneti, ambazo huharibu mapafu. Kitambaa puani hakisaidii kitu, unahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

DadaWaPikipiki_Msa

Kaka Mwambao, mimi niko Mombasa na ringi zangu ni alumini tupu iliyong'arishwa, kwa hiyo nitatetea upande ambao fundi ameuruka.

Klia ya zamani itolewe kwa dawa ya kutoa rangi ambayo imeandikwa kwamba inafaa kwa alumini. Usikubali kostiki soda, wala dawa ya kusafishia choo yenye asidi, ingawa vijana wengi wa kuosha pikipiki huzipenda kwa sababu zinatoa povu na weupe wa haraka. Utando wa alumini hutulia kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya kati ya 4 na 8.5 hivi, nje ya hapo huyeyuka, na povu unaloliona kwenye kostiki ni gesi ya haidrojeni inayotoka huku chuma chako kikiliwa.

Baada ya hapo ni msasa wa maji. Anza na namba 320 penye vishimo, au 400 kama uso si mbaya sana, kisha 600, 800, 1200 na 2000, huku msasa umelowa maji yenye sabuni, kwa sababu alumini ni laini na huziba msasa mkavu upesi. Kila ukibadili namba, badili na mwelekeo wa mkono, ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha kabla ya kuendelea. Anayeruka namba huigundua mikwaruzo wakati wa polishi, na hapo hakuna njia ila kurudi nyuma. Polishi ya metali itatoa weusi mwingi kwenye kitambaa. Huo si uchafu, ni alumini yenyewe inayokwanguliwa, na ukipungua ujue uso umelainika. Steelwool ikae jikoni, kwani vipande vyake hujichimbia kwenye alumini na kutoa kutu ya kahawia mvua ya kwanza ikinyesha.

Nakiri kwamba uso huu haudumu wenyewe. Huoshwa kwa maji ya bomba, hupakwa nta, na hupigwa polishi tena unapoanza kufifia. Kupaka klia juu ya mng'aro kamili sikushauri, kwa sababu haina pa kushika na itabanduka.

Mhandisi_Thika

Nimesoma hoja zote mbili na naona rangi ya unga inanyimwa haki yake, ingawa wanaoiharibu ni wengi. Unga hushikizwa kwenye chuma kwa chaji ya umeme, kisha huokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi mpaka uyeyuke na kuwa ngozi moja. Ikifanywa vizuri, hakuna rangi ya kopo inayoikaribia kwa kustahimili kokoto. Yapo mambo manne ya kumuuliza mwenye tanuri, na akisitasita kwenye moja tu, rudi nyumbani na ringi zako.

Je, huioka ringi tupu kwanza? Aloi ya kumimina ina vitundu vinavyohifadhi hewa na mafuta, na visipotolewa kwa joto kabla ya unga, vitatoboa rangi wakati wa kuoka. Je, anapima joto la ringi yenyewe au anakisia kwa tanuri? Joto likizidi, au ringi ikiokwa mara kwa mara kwa sababu rangi haikumridhisha mtu, nguvu ya aloi hupungua. Je, husafisha kwa shanga za kioo au kwa mchanga mkali? Mchanga mkali huchimba alumini, na vumbi lake la silika huua mapafu ya fundi.

La nne ndilo kubwa. Makao ya beringi na uso unaofungwa diski ya breki ni lazima vizibwe visiguswe na unga. Ngozi hiyo ina unene wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 60 hadi 100 hivi, unaotosha kabisa kuzuia beringi kuingia; na ikibaki chini ya diski, itaminywa taratibu, bolti zitalegea, na utasikia breki zikipigapiga mkononi.

Bodaboda_Temeke

Wakuu, mnabishania uso huku ukingo umesahauliwa. Kama tairi ni za kutotumia tyubu, ule unga mweupe alioutaja mwenye mada ndio utakaomfanya ajaze upepo kila asubuhi. Usafishwe kwa msasa laini mpaka uso uwe sawa, bila tupa, kwa kuwa tupa huacha mifereji ambayo upepo utaitumia.

Kwa sisi tunaokesha barabarani, mng'aro wa dada ni mzuri kwa harusi. Pikipiki ya kazi hupuliziwa rangi na safari inaendelea.

DadaWaPikipiki_Msa

Harusi zenyewe huwa mnatubeba ninyi, kaka. Hata hivyo kwa pikipiki ya kazi sikupingi.

FundiRangi_Ilala

Ndugu Mwambao, kuna njia ya kati ambayo wengi huikosa kwa kudhani ringi nzima lazima ipate matibabu ya aina moja. Pembe za ndani, pale mikono inapokutana na kitovu, msasa haufiki vizuri, na ndipo matope yenye chumvi yanapokaa. Sehemu hizo na mikono yote zipulizwe rangi. Ukingo wa nje, ambao ni mviringo wazi unaofikika kwa kitambaa, uung'arishe na kuutunza kwa nta. Sharti rangi iishie kwenye kona ya asili ya ringi, si katikati ya uso bapa, la sivyo itaanza kubandukia hapo.

Mwambao_Tanga

Nimewaelewa, na nitafuata ushauri wa mwisho wa Fundi: mikono rangi ya kijivu, ukingo uliong'arishwa. Tanuri nimeliacha kwa sababu aliyenalo hakuwa na jibu kuhusu joto la ringi. Chaki haikuonyesha ufa wowote. Limebaki swali moja: beringi za zamani zinakwaruza, na nimeambiwa nizigonge mpya kwa nyundo na kipande cha mbao. Ni sahihi?

Mhandisi_Thika

Zipo njia bora. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo pasha kitovu kwa hewa ya moto kabla hujapuliza rangi, hadi tone la maji lichemke juu yake, huku beringi mpya zikikaa kwenye friza. Zitaingia kwa kusukumwa kidogo tu. Ukilazimika kugonga, tumia bomba au soketi inayogusa pete ya nje peke yake, kwa maana nguvu ikipitia pete ya ndani, gololi zitaacha alama kwenye njia zao na beringi itaanza kelele ikiwa mpya. Usisahau ile bushi ndefu ya kati (kibomba kinachotenganisha beringi mbili), iingie kabla ya beringi ya pili; bila hiyo, ukikaza nati ya ekseli utaziminya beringi zote mbili kwa ndani.