Bora bosi anayefoka kuliko huyu wangu wa vitumbua na "mdogo wangu"

Wakuu, hii kitu imenikaa kooni tangu Ijumaa ya juzi, leo naitapika.

Niko stoo, kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi hapa Dar, jina nalihifadhi. Msimamizi wetu ni mdada, hajawahi kunifokea hata siku moja na ndo tatizo lenyewe. Ukimwona kaja mezani kwako na vitumbua vya moto kwenye karatasi, anakuita "mdogo wangu", anauliza mtoto kikohozi kimepona, jua wikiendi yako imeshaliwa.

Ijumaa hiyo hata vitumbua hakuleta. Saa kumi na moja jioni nafunga stoo, simu inalia, nafungua grupu la ofisi la WhatsApp nakuta: "Tumshukuru sana kijana wetu kwa kujitolea kusimamia zoezi la kuhesabu stoku Jumapili, huu ndo moyo tunaoutaka." NIMEJITOLEA LINI?? Hajaniuliza, hajanipigia, na kabla sijamaliza kusoma wenzangu washashusha makofi na maua, meneja mkuu naye kaweka dole gumba. Sasa hapo unakataaje? Nikaandika "Asante dada, tuko pamoja" huku nasaga meno. Jumapili nimehesabu nondo na mifuko ya simenti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, wife kaenda peke yake kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake, mpaka leo ananijibu "sawa" na "haya" tu.

Hela je? Sheria ya ajira ya 2004 inasema ovataimu ni kwa makubaliano, na ukifanya kazi siku yako ya mapumziko kila saa unalipwa mara mbili. Jumatatu nikamgusia kistaarabu, akacheka, akanishika bega, "jamani mdogo wangu, si ulijitolea?" Mnaona mtego ulipokuwa? Lile neno halikuwekwa pale kwa bahati mbaya.

Mwaka jana walitupeleka semina ya uongozi, mwezeshaji akafundisha ile ya wanasaikolojia French na Raven ya mwaka 1959, kwamba mtu anapata nguvu ya kuwasukuma wenzake kwa cheo, zawadi, adhabu, ujuzi, au watu kumpenda tu. Huyu dada alikaa siti ya mbele anaandika kama mwanafunzi wa fomu foo. Nikajua anataka kubadilika, kumbe anasoma menyu.

Nilipokuwa zamani kulikuwa na mzee anafoka kama jenereta bovu, "Jumapili njoo, usipokuja Jumatatu usije." Ushenzi, sikatai, ila unajua kabisa umeonewa na jioni ukisimulia kijiweni watu wanakupa pole. Huyu wa sasa ukimlalamikia unaonekana wewe ndo una matatizo, "yule dada mbona mtu poa?" Yaani unaonewa halafu na asante unatoa.

Na msije kuniambia ndo kazi zilivyo. Pale pale ofisini kuna mama wa uhasibu, alikuwa anataka tupeleke risiti za EFD za manunuzi mapema. Hakuniletea soda wala hakunitangaza kwenye grupu. Alinivutia kiti, akageuza kompyuta nione, ritani ya VAT mwisho tarehe 20, akanionyesha zangu zilizoingia tarehe 19 jioni, akasema "mwanangu, ukifanya hivi mimi nalala hapa." Basi. Tangu siku hiyo napeleka kabla ya tarehe 10 na sijawahi kupewa hata peremende.

Sasa mwisho wa mwezi ndo huo unakuja tena, na leo asubuhi nimeambiwa shati limenipendeza. Shati lenyewe la mwaka juzi hili.

Wale wa "nenda CMA", ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, mlango naujua, ila nina kodi ya miezi sita inanisubiri na mwenye nyumba hataki stori. Ninachoomba ni sentensi moja tu, akinishukuru tena kwenye grupu kabla sijaombwa niandike nini pale, meneja akiwa anasoma, bila kuonekana nina kiburi? Nimejaribu kuiandika mara tatu kwenye noti za simu, zote nimefuta.