Ushauri: programu gani ya kustaki picha za nyota kwa anayeanza?

Kimondo_Kidogo: Wakuu, habari. Nimekwama. Nataka kustaki (kuunganisha picha nyingi kuwa moja safi) picha za Kilimia na nebula ya Orion, sasa nasoma habari za Siril, DeepSkyStacker, Sequator na PixInsight hadi kichwa kinauma. Nimejaribu kuunganisha picha 12 lakini anga lina madoadoa, na nikiongeza picha hayapungui. Nichukue ipi? Moyo wangu uko PixInsight, ndiyo wanayotumia wakubwa. Nawasilisha.

Darubini_Chakavu: Siril. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na inakutoa kwenye kustaki hadi rangi bila kuhama. Kama chini ya picha kuna miti au mlima, jaribu Sequator (Windows tu), inagandisha ardhi huku nyota zinapangwa. DeepSkyStacker inastaki vizuri, ila kazi ya baadaye utaifanyia kwingine.

Zuhura_Asubuhi: Hakuna programu inayookoa fokasi mbovu. Zima autofokasi, kuza nyota kali kwenye skrini, zungusha pete hadi iwe nukta ndogo kabisa. Watu mnakimbilia programu kabla ya picha yenyewe, ndiyo shida ya siku hizi.

Mzee_wa_Obiti: Mleta mada, sekunde ngapi kwa picha? ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga)? RAW (data ghafi ya kamera) au JPEG? Una mota ya kufuata nyota?

Kimondo_Kidogo: Dakika 4 kila picha, tripodi ya kawaida, mota sina. Fokasi iko sawa, nyota ni duara kabisa. Swali langu lilikuwa programu tu.

Mkia_wa_Nyota: Chai hii, wakuu. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa. Dakika 4 ni nyuzi 1, karibu upana wa Mwezi mpevu mara 2. Orion iko karibu na ikweta ya anga, hapo ndipo nyota zinakimbia kuliko kote. Bila mota utapata mistari, si duara. Picha za kuokota mtandaoni hizi.

Shimo_Jeusi: Labda dunia yake imepaki 😂

Kimondo_Kidogo: Sijaokota popote. Natumia simu, ina hali maalumu ya kupiga nyota. Sikusema mapema kwa sababu najua mngenicheka. Zinatoka JPEG.

Mkia_wa_Nyota: Hapo sawa, naondoa neno chai.

Mzee_wa_Obiti: Basi jibu lote linabadilika. Simu haikufungua lenzi dakika 4. Kwenye Google Pixel, kwa mfano, ni hadi fremu 15 za sekunde 16, simu inazipanga na kuziunganisha yenyewe. Kwa hiyo unastaki kilichokwisha stakiwa, kikasafishwa chenga (madoadoa ya kamera) na kunyanyuliwa mwangaza. Chenga halisi huangukia mahali tofauti kila fremu, ndiyo maana fremu 16 huzishusha hadi robo, na 64 hadi moja ya nane. Madoa ya kusafishwa na simu hayafuati hesabu hiyo, yanajirudia. Juu yake JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Ukivuta vivuli zinakatika.

Kimondo_Kidogo: Lakini PixInsight si ina zana kali za kuondoa chenga? Na nimeshasoma kwamba wanatoa siku 45 za majaribio.

Darubini_Chakavu: Haitarudisha kilichofutwa. Na usiwashe hizo siku 45 sasa, zitaisha ukiwa bado huna data ya kuipa.

Mzee_wa_Obiti: Fungua hali ya kamera ya mikono, chagua RAW (faili za DNG). Kamera kuu, si ile ya kukuza. Gawa 500 kwa urefu wa lenzi kwa kipimo cha fremu kamili (full frame, kihisi kikubwa cha kamera): 25 mm inatoa sekunde 20, ila kwa kuwa pikseli za simu ni ndogo tumia sekunde 10. ISO 800 au 1600, mizani ya rangi moja isiyobadilika, taima ya sekunde 3 ili kidole kisitikise. Fremu 60 na kuendelea. Kisha laza simu, lenzi imezibwa kabisa, upige 20 za giza kwa sekunde na ISO zilezile kabla haijapoa.

Siril: folda moja, ndani yake folda lights (picha za nyota) na darks (za giza). Kama huna za giza, tumia skripti ya OSC_Preprocessing_WithoutDBF. Matokeo yatatokea meusi tii. Usifute! Badili mwonekano kuwa AutoStretch, ni macho tu, data haiguswi. Ondoa mwanga wa nyuma KABLA ya kunyanyua mwangaza; GraXpert, nayo ya bure, inasaidia ikiwa upande mmoja umeng'aa kwa taa. Rangi, halafu ndiyo unyanyue kidogokidogo.

Angalia diski pia. Fremu ya megapikseli 12 yenye rangi kwa biti 32 ni kama MB 144, hivyo fremu 60 ni zaidi ya GB 8 kwa hatua moja, na hatua ziko kadhaa.

Zuhura_Asubuhi: Na fokasi.

Kimondo_Kidogo: Nimepiga DNG 70, bila za giza. Skripti imegoma, inasema haioni folda lights, wakati ipo na nimeifungua kabisa!

Darubini_Chakavu: Ndiyo kosa lenyewe. Umeingia ndani yake. Bonyeza alama ya nyumba, chagua folda inayoibeba lights, kisha endesha tena.