Mrejesho: ile stori yangu ya kuomba upatna

Wadau, ni mimi yule wakili wa Kisumu niliyeuliza kama ningoje kuitwa upatna (yaani kuwa mshirika kwa ofisi ya mawakili) ama niombe mwenyewe, miaka 9 ofisini. Basi niliomba. Mliniambia nisiende na maneno matupu so nikabeba karatasi moja tu, klayenti niliowaleta mwenyewe, bili zilizolipwa (sio zilizotumwa, hapo ndio wengi huanguka) na mawakili wadogo niliowafunza kazi. Mzee, yule mkubwa wa ofisi, akaisoma polepole mpaka chai ikapoa, akauliza, "Hawa wa miwa wa Muhoroni ni wako kweli?" Ni wangu. Wamenipa upatna wa mshahara kwanza (cheo unapata lakini bado unalipwa mshahara), ule wa hisa, wa kumiliki sehemu ya ofisi, unataka uweke mtaji na sina, nimeanza kuulizia mkopo benki. Mama watoto anashangaa cheo gani hiki kinakuja na deni 😅