Sparingi yako ya kwanza ilikuwaje, na ulitulia lini? Tupeane uzoefu

Binti wa Makadara
Habari za jioni wadau. Naandika nikiwa ndani ya matatu, natoka mazoezini, bendeji za mikono bado mbichi kwa jasho kwenye mfuko. Nina miezi saba katika ndondi. Begi nalipiga vizuri na kamba naruka. Lakini kocha aliponipandisha ulingoni mara ya kwanza kwa sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mtu anayerudisha ngumi, yote niliyofunzwa yalinitoka.

Nakumbuka glavu nyekundu ikija. Nikafumba macho, nikageuza uso kama mtu anayemwagiwa maji, nikarudi nyuma moja kwa moja hadi kamba zikanigusa mgongo. Pumzi nilikuwa nimeizuia tangu kengele ilie. Ilikuwa raundi ya dakika mbili tu, lakini kufikia nusu yake nilikuwa nimechoka kuliko siku ninazokimbia kilomita kumi. Kocha alikuwa akiniita kutoka nje, nikasikia sauti yake bila kushika neno hata moja. Niliposhuka nilikwenda chooni nikalia.

Kilichonisaidia ni kwamba kocha hakuniambia nijikaze. Aliniweka na dada mmoja mwenye miaka mingi ya mazoezi, akatupa sheria: dada atarusha jabu peke yake, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, taratibu, iniguse kwenye paji la uso. Mimi nisirudishe kitu. Kazi yangu ni kuitazama ikija hadi iguse, na kutoa pumzi "sss" inapogusa. Raundi tatu kila siku ya mazoezi, wiki mbili mfululizo. Siku mbili za kwanza niliendelea kufumba macho. Ya tatu nikaanza kuona alama ya jasho kwenye ngozi ya glavu. Ya nne nikaona bega lake likitangulia kabla ya mkono. Hadi leo nikikumbuka siku ile nafurahi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ngumi huanzia begani. Wiki ya tatu nikaruhusiwa kurudisha moja.

Hofu bado ninayo, lakini sasa naona nikiwa nayo. Wenzangu mlipitia nini? Hata wa karate, taekwondo na judo, leteni.

Mpwani wa Umoja
Dada, hapo kwa pumzi umenigusa. Mimi ni mtu wa Likoni, taekwondo niliianzia nyumbani. Nilipohamia huku Nairobi kikazi, mwezi wa kwanza nilidhani nimegeuka mwoga. Mateke matatu tu na kifua kinabana, moyo unapiga kwenye masikio, natamani mwamuzi asimamishe. Kocha wa huku ndiye aliyenikumbusha kwamba nimetoka usawa wa bahari nikaja kupigana karibu mita 1,700 juu. Mwili ulikuwa ukidai hewa, na mimi nikaudhania kuwa ni woga. Kisha woga wenyewe ukaja juu yake, nikaanza kubana pumzi, hali ikazidi.

Dawa yangu: kila teke lazima litoke na sauti. Ukitoa sauti huwezi kubana pumzi. Na katikati ya raundi nikihisi kifua kinapanda, napiga hatua mbili za pembeni, natoa pumzi ndefu, ndipo narudi. Pembeni, si nyuma. Ukirudi nyuma moja kwa moja mwenzako anakufuata kwa miguu ile ile.

Kijana wa Githurai
Mimi hofu yangu ilitokea kama hasira. Nikiguswa puani naenda na mikono yote miwili, nguvu zote, sioni mtu. Watu wakanisifu eti nina moyo. Kumbe nilikuwa nataka tu ile hali iishe haraka. Mwenzangu mmoja alinikumbatia katikati ya raundi akaninong'oneza, "Pole pole, mimi si adui yako." Siku hiyo ndiyo nilijijua.

Mama Wawili
Jujitsu, nilianza nikiwa na miaka 36. Kwetu hakuna ngumi, lakini kuna kulaliwa. Nina kilo 61, siku ya kwanza nikawa chini ya kijana wa kilo tisini na kitu, kifua chake usoni mwangu, sioni taa. Niligonga mkeka, ishara ya kusalimu amri, kabla hajanikaba popote. Aliinuka mara moja, akauliza kama niko sawa. Niliaibika sana.

Mwalimu aliniambia kugonga ni haki yangu na hakuna atakayeniuliza sababu. Halafu akanipa zoezi: nikilaliwa, nigeuze kichwa upande, nitafute nafasi ndogo ya pua, nihesabu pumzi tatu, kisha nikitaka kugonga nigonge. Tatu zikawa tano. Zilipofika kumi nikagundua kiwiko changu kinaweza kuingia kati yetu. Sasa huwa nasahau kuhesabu.

Ila tusichanganye mambo. Nazungumzia uzito wa mtu peke yake. Ukikabwa shingo au kiungo kikinyooshwa, gonga mapema, usihesabu chochote.

Nyota ya Kayole
Yangu si nzuri, lakini nadhani inafaa kusomwa. Sehemu niliyoanzia, siitaji jina, mgeni alikuwa anawekwa na watu wanaojiandaa kwa mapambano "apate kuzoea". Wiki yangu ya pili nilipigwa hadi magoti yakalegea, nikaambiwa nimalize raundi. Siku nne kichwa kiliuma. Nilisimama kwenye supamaketi nikashindwa kuvumilia mwanga wa zile taa ndefu. Daktari alinikataza kabisa kuguswa kichwa hadi dalili zote ziishe, na kurudi iwe hatua kwa hatua. Nilikaa nje karibu miezi miwili.

Nilipopata ukumbi mwingine, mwili ulikuwa umekwisha kujifunza kwamba ulingo ni mahali pa kuumizwa. Ilinichukua karibu mwaka kuufunza upya. Kwa hiyo mtu akisema hofu inatolewa kwa kipigo, mimi ni shahidi kwamba kipigo huiongeza.

Mzee wa Kamba
Nyota, mwanangu, pole sana. Waliokufanyia hivyo walikosea.

Mimi nilikuwa kijana bondia wetu wa Kenya, Robert Wangila, alipotuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Huku Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, kila mvulana alitaka glavu. Tukapigana mazoezini kila siku kama fainali, tukidhani ndivyo dhahabu inavyopatikana. Mwaka 1994 Wangila huyo huyo alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya kichwa baada ya pambano. Nililia kama nimefiwa na ndugu. Tangu siku hiyo sijamruhusu mwanagenzi apigwe kwa nguvu mbele yangu.

Msidanganywe na ile kofia ya kujikinga pia. Inazuia michubuko na kupasuka, lakini ubongo unatikisika ndani ya fuvu vile vile. Ndondi za wanaume za Olimpiki ziliiacha kuanzia Rio 2016. Vaeni, na glavu ziwe za aunsi 16, lakini kinachowalinda hasa ni mapatano. Kabla ya kengele semezaneni: leo tunaguswa tu, au tunapiga nusu nguvu? Akizidisha mwambie mara moja. Asiposikia, shuka ulingoni. Kushuka si kushindwa.

Na wewe binti wa Makadara, kocha wako anajua kazi. Mshike huyo.

Binti wa Makadara
Asante sana mzee wangu. Nyota, pole dada, na asante kwa kuandika. Kijana, hata mimi kuna mtu wa hasira namjua, nitamsomea yako.

Mzee, nina swali moja. Sasa hivi naangalia glavu, nikiifuata naipoteza, nikipoteza naanza kupepesa. Macho niyaweke wapi?

Mzee wa Kamba
Glavu usiifuate, ina kasi kuliko jicho. Weka macho katikati ya kifua chake, chini kidogo ya shingo, kama unatazama dirisha zima badala ya kioo kimoja. Mabega yote mawili utayaona, na miguu kwa mbali. Kidevu chini. Jaribu kwanza bila ngumi: mwenzako atembee, wewe mfuate kwa macho hayo, raundi moja.

Binti wa Makadara
Jumamosi asubuhi ndiyo zamu yangu na yule dada. Nitamwomba tuanze na hiyo ya kutembea.